Pasaka, Ukombozi na Ufufuo: Historia ya Mafundisho katika Maneno Matatu

Msamiati wa dini ya Kikristo kwa Kiswahili umejaa maneno ya asili ya Kiarabu: sala, toba, dhambi, injili, fidia, dhabihu. Si ajabu, kwani wafasiri wa karne ya 19 waliikuta lugha iliyokwisha kulelewa kwa muda mrefu na Uislamu. Lakini jina la sikukuu iliyo kuu kuliko zote za Wakristo halikufuata njia hiyo. Waarabu walio Wakristo huiita fis-h, ilhali sisi twasema Pasaka, neno ambalo sauti zake zaelekea upande wa Kiyunani na Kilatini. Wala jina la Kijerumani, Ostern, au la Kiingereza, Easter, halikushika mizizi, ingawa Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 alikuwa Mjerumani, na Steere aliyefika Unguja mwaka 1864 alikuwa Mwingereza. Kwa bahati hiyo msomaji wa Kiswahili ameepushwa na mjadala wa mungu wa kike Eostre, aliyetajwa na Bede mwaka 725 kuwa ndiye asili ya jina la Kiingereza.

Hata hivyo, neno la kukopa ni kama sanduku lililofungwa: hupokewa pamoja na kilichomo, bila mpokeaji kujua kilichomo ni nini. Yafaa basi tulifungue. Wayunani nao walilikopa. Pascha lilitoka katika Kiaramu, nalo la Kiaramu lina udugu na pesach la Kiebrania, yaani sikukuu ya kondoo aliyechinjwa usiku ule Waisraeli walipotoka Misri. Katika masikio ya Myunani neno hilo geni lilifanana mno na kitenzi chake mwenyewe, paschein, kuteswa. Melito, askofu wa Sardis katika karne ya 2, alilieleza hivyo hasa katika hotuba yake ya Pasaka: jina latokana na mateso. Kwa kipimo cha isimu hilo ni kosa. Kwa kipimo cha historia ya mafundisho, ni kosa lililozaa matunda, maana liliwafundisha watu kumwona Kristo aliyesulubiwa ndani ya kondoo wa Kutoka 12.

Origen, katika karne ya 3, aliwasahihisha wenye fikira hiyo: Pasaka si mateso bali ni kupita. Augustine alirudia sahihisho hilo katika waraka wake wa 55, akaongeza kwamba aliyepita ni Kristo, kutoka mautini kwenda uzimani, na waumini pamoja naye. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Makanisa ya Asia Ndogo yaliadhimisha Pasaka siku ya 14 ya mwezi wa Nisani, siku ya kuchinjwa kondoo, hata iwe siku gani ya juma. Roma iliadhimisha Jumapili, siku ya kufufuka. Yapata mwaka 155 Polycarp wa Smyrna alizungumza na Anicetus wa Roma juu ya jambo hilo. Hawakuafikiana, wala hawakutengana. Victor wa Roma alipotaka kuyatenga makanisa ya Asia, karibu na mwaka 190, Irenaeus alimkanya. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulitaka wote waadhimishe siku moja.

Kiswahili hakina neno moja linalobeba mateso na kupita kwa pamoja. Tafsiri ya mwaka 1952, katika Kutoka 12, yatumia kupita juu. Lakini anayepita huko ni Mungu, juu ya nyumba za Waisraeli. Kwa wazo la Augustine, nadhani kuvuka lingefaa zaidi, kwa kuwa mwenye kuvuka huacha ng'ambo moja akafika nyingine.

Neno la pili, ukombozi, halihitaji kufunguliwa. Historia yake iko wazi, nayo ni chungu. Kukomboa ni kutoa kitu rehani, au mtu utumwani, kwa kulipa. Mapadre wa Roho Mtakatifu, walioanza kazi Bagamoyo mwaka 1868, walinunua watoto watumwa ili kuwapa uhuru. Kwa watoto hao ukombozi haukuwa tamathali: palikuwa na bei, na palikuwa na mwenye mtumwa aliyeipokea. Huko Unguja, misheni ya Steere iliwapokea watu waliotekwa kutoka majahazini na manowari za Kiingereza, ambao hawakulipiwa chochote. Hao waliokolewa, hawakukombolewa.

Sasa, mhubiri asemapo kwamba Kristo alitukomboa kwa damu yake, bei hiyo alipewa nani? Origen alikuwa tayari kusema kwamba alipewa Shetani. Gregory wa Nazianzus, katika hotuba yake ya 45, iliyo ya Pasaka, alilikataa jibu hilo kwa hasira: mnyang'anyi apokeeje malipo makubwa hivyo? Msikilizaji wa Bagamoyo angeielewa hasira ya Gregory kuliko wanafunzi wengi wa theolojia wa leo.

Neno la tatu ndilo linalotuhusu zaidi sisi wa sarufi. Kutokana na fufua, chenye umbo la kauli ya kutendua kama fungua na zibua, twapata fufuka. Husemwi kwamba mlango umefunguka na mtu; kadhalika hatuwezi kusema Yesu amefufuka na Mungu. Kauli hii humficha mtenda. Katika 1 Wakorintho 15:4 Kiyunani chatumia egegertai, ambacho chaweza kusomwa kuwa ni kufufuliwa. Tafsiri ya 1952 yasema alifufuka. Ila katika aya ya 15 ya sura hiyohiyo mtenda ajitokeza: Mungu alimfufua. Mahubiri ya kale, kama yale ya Matendo 2:24, husema hivyo. Lakini mapema katika karne ya 2 Ignatius wa Antiokia, akiwaandikia watu wa Smyrna, alisema kwamba Kristo alijifufua mwenyewe, na baadaye katika waraka huohuo akasema kwamba Baba ndiye aliyemfufua. Mtaguso wa Toledo wa mwaka 675 ulikiri kwamba alifufuka kwa uwezo wake mwenyewe.

Kwa maoni yangu fufuka si tafsiri dhaifu, maana yaacha nafasi kwa mafundisho yote mawili. Hatari iko kwa mwalimu anayedhani kwamba kitenzi hicho kimekwisha kuamua. Na nomino zenyewe hazijaamua: wengi wa Waprotestanti husema ufufuo, kutokana na fufua, na Wakatoliki husema mara nyingi ufufuko, kutokana na fufuka. Wanaotumia la kwanza wamemweka mfufuaji ndani ya neno bila kumtaja. Wanaotumia la pili wamebaki na aliyetoka kaburini peke yake.