Katanga Angani: Cyril Jackson na Majina ya Afrika

Ukishuka na ziwa kutoka Baraka, ukaimaliza Fizi yote, unafika Kalemie. Tangu 2015 mkoa wake unaitwa Tanganyika, ila watu wazima wengi bado wanasema Katanga. Jina hilo liko pia angani: asteroidi namba 1817, jiwe linalozunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii, linaitwa Katanga. Aliyeligundua mwaka 1939, Cyril Jackson, alikuwa Johannesburg.

Alizaliwa 1903 huko Ossett, Uingereza, akaletwa Afrika Kusini angali mtoto. Mwaka 1928 aliajiriwa Union Observatory, kituo cha serikali cha kutazama nyota. Kazi yenyewe ilikuwa ya macho na subira. Sehemu moja ya anga hupigwa picha kwenye vioo viwili, kwa nyakati mbalimbali. Vioo vikiwekwa kwenye mashine, jicho huonyeshwa kimoja, mara kingine, haraka haraka. Nyota zote zinatulia. Kinachorukaruka ni kitu kinachosafiri. Kwa njia hiyo hiyo Robert Innes, wa kituo hicho hicho, aliipata Proxima Centauri mwaka 1915, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua. Na kwa vitu hafifu namna hiyo mbalamwezi ni adui, jambo ambalo mvuvi wa ndagala wa Baraka hahitaji kuelezwa: mwezi ukiwa mpevu taa yake haivuti samaki, anaanika nyavu.

Jackson aligundua asteroidi 72. Desturi humpa mgunduzi haki ya kupendekeza jina, naye akaifungua ramani ya Afrika. Kenya na Uganda zilionekana 1933, namba 1278 na 1279. Nyanza na Ruanda ni za 1935. Mwaka 1937 ni kama alipanda jahazi: Ruvuma, Mombasa, Pemba, Somalia, kisha Luanda ng'ambo ya bara, halafu Ethiopia, namba 1427 hadi 1432 bila kuruka hata moja. Ethiopia yenyewe mwaka huo ilikuwa mikononi mwa Italia. Kati ya majina yote aliyoyatoa yamo ya wafalme, Chaka na Khama, na lipo Pamela, la binti yake.

Mimi naona ukarimu ndani yake, na ukoloni pia. Mji, mto na mfalme vilipandishwa juu bila wenyewe kuulizwa, na kwa tahajia ya atlasi ya Mzungu. Hata hivyo wenzake wengi wa Ulaya waliendelea na miungu ya Wagiriki na miji ya kwao Ulaya, huku yeye akiandika Mombasa.

Katanga ilichelewa kupata namba kuliko zile za 1937, kwa sababu namba haitolewi mpaka njia ya jiwe ijulikane vizuri, ili lisipotee likaja kugunduliwa upya.

Nyota zenye mkia alipata tatu: ya 1935 akiwa peke yake, ya 1936 pamoja na Grigory Neujmin aliyekuwa Krimea, na ya 1948 pamoja na Joseph Ashbrook wa Marekani. Hizo mbili za mwisho hurudi karibu na jua kila baada ya miaka minane na kitu. Baadaye alifanya kazi Australia na Argentina, akafariki 1988. Asteroidi namba 2193, iliyogunduliwa 1926 na Harry Wood, mkuu wake wa Johannesburg, inaitwa Jackson.