Wafumaji, Kwale na Haki ya Kupita: Watazamaji wa Viumbe katika Milima ya Pennine

Kati ya miji ya Manchester na Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, umelala mgongo wa milima ya Pennine, ambao juu yake hakuna misitu wala mashamba bali nyika za juu, yaani nyanda zilizoinuka, zenye upepo na mvua nyingi, ambako miti huota kwa shida na ardhi imefunikwa na piti, udongo mweusi wa mimea ambayo maji yameizuia isioze kikamilifu. Juu ya piti hustawi kichaka kifupi chenye maua ya zambarau, cha ukoo mmoja na miti ya erika iliyoko kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, na humo huishi kwale wekundu, sungura wa milimani ambao manyoya yao hugeuka meupe wakati wa baridi, na sululu, ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda, anayepanda nyikani kutaga baada ya baridi kuisha. (Sululu wa aina hiyo hiyo huonekana kwenye matope ya ghuba ya Mida, karibu na Watamu, wakati wa kaskazi, ingawa hao hutoka mbali zaidi upande wa mashariki.) Elimu kuhusu viumbe wa nyika hizi ilijengwa kwa sehemu kubwa na watu wasiomiliki hata shubiri ya ardhi, ambao walitembea, wakatazama, kisha wakapeana habari za walichokiona, na kwa sababu hiyo historia ya elimu hiyo haitenganishiki na ugomvi wa muda mrefu kuhusu nani ana haki ya kupita.

Desturi ya kupeana habari za viumbe ilikuwapo kusini kabla ya kushika mizizi viwandani. Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne, alichapisha mwaka 1789 kitabu kilichotokana na barua alizowaandikia Thomas Pennant na Daines Barrington, akieleza ndege, wadudu na majira ya kijiji chake, na miongoni mwa mambo aliyoyabaini kwa masikio ni kwamba ndege wadogo waliodhaniwa kuwa wa aina moja walikuwa wa aina tatu zenye nyimbo tofauti. White, hata hivyo, alikuwa msomi mwenye nafasi, na waliopokea barua zake walikuwa wa tabaka la juu. Kaskazini desturi hiyo ilichukua sura nyingine kabisa.

Katika vijiji vya Lancashire vilivyozunguka Manchester, mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, wafumaji wa vitambaa, washonaji viatu na mafundi wengine waliunda vyama vya kujifunza mimea, na kwa kuwa Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yao pekee ya mapumziko na baa ndiyo iliyokuwa na chumba cha kutosha watu wengi, walikutana Jumapili katika baa, jambo lililowaudhi watu wa kanisa. Kila mwanachama alitoa peni chache, sehemu kwa ajili ya kinywaji na sehemu kwa ajili ya kununua vitabu vya pamoja, kwani kitabu kimoja cha mimea kiliweza kumgharimu mfumaji ujira wa siku nyingi. Mimea iliyochumwa njiani, mingine kutoka mabondeni na mingine kutoka nyikani, ilirundikwa mezani. Katika utaratibu ulioelezwa na John Horsefield, mfumaji wa Prestwich, mwenyekiti alichukua mmea mmoja, akampa aliyeketi kushoto kwake huku akimtajia jina lake la Kilatini, naye akampokeza jirani yake pamoja na jina hilo, na hivyo mmea na jina vikazunguka chumba kizima vikiwa pamoja, kwa namna ambayo hata asiyejua kusoma aliweza kuondoka amekariri. Horsefield mwenyewe alijifunza makundi 24 ya mimea ya mfumo wa Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyeweka misingi ya kuvipa viumbe majina ya Kilatini, kwa kuyaandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye nguzo ya kitanda chake cha mfumi, ili ayaone muda wote mikono ikiwa kazini.

Haifai kuwachukulia watu hawa kama vioja vya enzi zao, ingawa ndivyo walivyopenda kuwachukulia waungwana waliowatembelea. Edward Hobson wa Manchester alianza kutoa mwaka 1818 mkusanyo wa kuvumwani zilizokaushwa na kupewa majina ambao wataalamu wa vyuo waliutumia, na Richard Buxton, mshonaji viatu vya watoto aliyejifundisha kusoma akiwa tayari kijana, alichapisha mwaka 1849 mwongozo wa mimea ya maili kadhaa kuzunguka Manchester. Mwaka mmoja kabla yake, Elizabeth Gaskell alikuwa amemweka mfumaji wa aina hiyo, Job Legh, katika riwaya yake ya Mary Barton. Kinachovutia zaidi katika mwongozo wa Buxton ni dibaji, ambamo aliwaomba wenye ardhi wawaruhusu wakazi wa mji uliosongamana waendelee kutembea na kuutazama uumbaji.

Ombi hilo lilikuwa na sababu. Kwa muda wa karne nzima Bunge lilikuwa likipitisha sheria za kugawa ardhi za pamoja, ambazo wanakijiji walizitumia kwa malisho na kuni, na kuzikabidhi kwa wamiliki binafsi waliozizungushia kuta za mawe. Nyika za juu hazikufaa kwa kilimo, lakini reli na bunduki zilizojazwa risasi kwa nyuma ziliufanya uwindaji wa kwale kuwa biashara ya matajiri, na kuanzia tarehe 12 Agosti, siku ambayo msimu huo hufunguliwa kisheria, maeneo makubwa ya Pennine yaligeuka kuwa viwanja vya bunduki. Vichaka vilichomwa kwa vipande kwa zamu ili kwale wapate machipukizi mapya ya kula na vichaka vikuukuu vya kujificha, utaratibu ambao ndio unaoipa nyika sura yake ya mabaka mpaka leo. Kwa hiyo mandhari ambayo wapenzi wa maumbile huisifu kuwa ya asili, kwa kiasi kikubwa ni kazi ya kiberiti. Hata sungura weupe wa huko waliletwa kutoka Scotland katika karne ya 19 kwa ajili ya kuwindwa.

Walioifahamu nyika hiyo kuliko mtu yeyote walikuwa walinzi wa mawindo, waajiriwa wa mwenye ardhi waliokesha humo mwaka mzima, wakijua kila kiota na kila shimo. Elimu yao, hata hivyo, ilitumika kuua: vicheche, kunguru na mwewe walitundikwa kwenye waya au ua, mzoga kando ya mzoga, kama ushahidi kwa tajiri kwamba mshahara wake haukupotea. Mtembeaji aliyetaka kujua ni wanyama gani waliishi kwenye mlima fulani angeweza kuusoma uzio huo, mradi asikutwe na mwenye kazi.

Upinzani wa kufungwa kwa njia ulianza mapema. Manchester ilikuwa na chama cha kulinda njia za kale tangu 1826. Septemba 1896 maelfu ya wakazi wa Bolton waliandamana kuvuka kilima cha Winter Hill baada ya mwenye ardhi kuifunga njia. Na mwaka 1900 G. H. B. Ward, fundi wa Sheffield mwenye siasa za kisoshalisti, alianzisha klabu ya watembeaji ya Clarion, ambayo vijitabu vyake vya mfukoni vilichanganya ratiba za matembezi na maelezo ya majina ya mahali. Tukio linalokumbukwa zaidi, na pengine kukumbukwa kupita kiasi, ni la Jumapili tarehe 24 Aprili 1932, ambapo mamia ya vijana, wakiongozwa na Benny Rothman mwenye umri wa miaka 20, walitoka kijiji cha Hayfield na kupanda kuelekea Kinder Scout, mlima wa mita 636 uliokuwa umefungwa kwa ajili ya kwale, wakapambana na walinzi. Kwa kuwa kuingia ardhi ya mtu hakukuwa kosa la jinai, walishtakiwa kwa ghasia, na watano wakafungwa vifungo vya kati ya miezi 2 na 6. Vyama rasmi vya watembeaji viliwalaani.

Katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na vuguvugu jingine lisilo na kelele. Umoja wa wapenzi wa viumbe wa Yorkshire, ulioanza 1861, ulikuwa umezoea kuvikusanya vyama vidogo katika safari za pamoja na kuyachapisha matokeo katika jarida la The Naturalist. Mwaka 1928 Max Nicholson aliwashawishi wasomaji wa jarida la British Birds wahesabu viota vya korongo wa kijivu nchini kote, hesabu ambayo haijakoma hadi leo, na 1932, mwaka ule ule wa Kinder, ikaundwa British Trust for Ornithology, taasisi inayotegemea taarifa za watu wa kujitolea. Mchango wa watu hao wa kujitolea ulikuwa wa taratibu, lakini ndio uliowezesha baadaye kuonyesha kwa takwimu kwamba sululu wanapungua, hoja ambayo hakuna maandamano yangeweza kuithibitisha.

Desturi hii ya kupeana habari ilisafiri pia hadi Afrika Mashariki, ila kwa mgeuko wa kusikitisha, kwa kuwa chama cha historia ya viumbe kilichoundwa Nairobi mwaka 1909 kilikuwa cha maafisa wa kikoloni, walowezi na wamisionari, huku Waafrika walioonyesha njia na kukamata vielelezo wakitajwa kwa nadra. Mlango ulifunguka polepole, na matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971 chini ya chama hicho, ambacho sasa kinajulikana kama Nature Kenya, yamefanana zaidi na meza ya Prestwich kuliko na mikutano ya 1909.

Uingereza ilipitisha sheria ya hifadhi za taifa mwaka 1949, Peak District, eneo la nyika hizi hizi, ikawa hifadhi ya kwanza mwaka 1951, na sheria ya mwaka 2000 ikatoa haki ya kutembea kwa miguu kwenye nyika za juu, iliyoanza kutumika katika sehemu hii ya Pennine Septemba 2004. Sheria hiyo inadai mbwa wafungwe kamba fupi kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, kwa ajili ya ndege wanaotaga chini. Nako kupeana habari kumepata mpaka wake: mwewe wa rangi ya majivu anayetaga kati ya vichaka na kula makinda ya kwale bado huuawa kinyume cha sheria, wakusanyaji haramu wa mayai nao hawajaisha, na kwa hiyo anayegundua kiota cha mwewe huyo humwarifu mtunza kumbukumbu za viumbe peke yake, naye huchapisha, kama akichapisha, mraba wa kilomita 10 kwa 10 usiomwelekeza mtu popote.