Garanti ya vifaa vinavyonunuliwa mtandaoni: nani atajibu kikiharibika?

Mambo hupita karibu kila mara namna hii. Mtu wa Butembo anaona kwenye WhatsApp picha ya Samsung mpya ndani ya katoni yake. Bei iko chini ya ile ya butiki kwa dola 60. Chini ya picha wameandika: garanti mwaka 1. Anatuma franga kwa Airtel Money, koli inafika kisha siku 4, simu inawaka, anafurahi. Mwezi wa tatu kioo kinaanza kuonyesha mstari wa kijani. Anamwandikia muuzaji, naye anajibu kwamba garanti ni ya kampuni, aende huko. Kwenye kampuni wanasoma namba ya simu na kumwambia kwamba iliuzwa kwa soko la Dubai, si la Congo. Fundi wa kona anamuomba dola 90 juu ya kioo kingine. Faida ya bei imekwisha, na deni juu yake.

Neno garanti linabeba ahadi mbili tofauti, na hapo ndipo wengi wanapotea. Kuna ahadi ya kampuni iliyotengeneza kifaa, na kuna ahadi ya muuzaji mwenyewe. Ya kwanza inasimama juu ya namba ya kifaa, inchi kilipouzwa, na fakitire ya muuzaji anayetambuliwa na kampuni. Ya pili inasimama juu ya mtu: kama anajulikana, kama atapatikana, kama ana nia. Muuzaji wa mtandaoni asiyetambuliwa na kampuni anauza ahadi ya pili lakini anaiita kwa jina la ile ya kwanza. Wengine hawafanyi kwa ubaya. Wao wenyewe hawajui tofauti.

Apple, kwa mfano, inatoa garanti ya mwaka 1 kwa iPhone mpya. Lakini masharti yake yanasema kwamba inaweza kutoa huduma hiyo katika inchi tu ambako simu iliuzwa mara ya kwanza na Apple ao na msambazaji wake. Tecno, Infinix na itel, ambazo watu wengi huku wanatumia, zote ni za kampuni moja ya Shenzhen, China, inayoitwa Transsion, na matengenezo yake ya garanti hufanywa na Carlcare. Huko pia wanauliza namba ya kifaa na karatasi ya kununulia. Muda wenyewe unabadilika kufuatana na inchi na aina ya kifaa, na mara nyingi sharja na betri hupewa muda mfupi kuliko simu.

Hii haimaanishi kwamba simu ya Dubai ni ya uongo. Sehemu kubwa ya vifaa vinavyouzwa Butembo, Beni, Goma ao Bukavu imetoka Dubai ao Guangzhou kwa mikono ya wafanyabiashara wetu, ikapita Mombasa ao Dar es Salaam, Kampala, kisha mpaka kama ule wa Kasindi. Ni vifaa vya kweli vya kampuni, lakini havikutengwa kwa soko letu. Kampuni haikumpa yule muuzaji kazi ya kuviuza huku, kwa hiyo haijifungi kuvitengeneza huku. Mnunuzi anayelipa dola 60 kidogo ameacha huduma upande wa pili, na pengine angekubali kwa moyo mweupe kama angeambiwa. Shida ni kwamba haambiwi.

Namba ya kifaa ndiyo inasema mengi. Kwa simu inaitwa IMEI, ina tarakimu 15, na inaonekana ukibonyeza *#06#. Wengi walilijua neno hilo wakati wa RAM, ile kodi ya simu iliyoanza mwaka 2020 na kukata unite za watu mpaka ilipoondolewa mwaka 2022. Leo linaweza kuwasaidia. IMEI inayoonekana kwenye kioo inapaswa kuwa sawa na ile iliyoandikwa kwenye katoni. Kama ziko tofauti, katoni ni ya simu nyingine, na hakuna garanti ya kuzungumzia tena. Kwa iPhone, namba ya seri iliyo ndani ya mipangilio ikiingizwa kwenye ukurasa wa Apple wa kuangalia garanti, inaonyesha kama bado iko na inaisha lini. Programu ya Carlcare inafanya kazi kama hiyo kwa simu za Transsion. Muuzaji anaweza kuombwa namba mbele ya kulipa, na anayekataa kuitoa amekwisha kujibu.

Ni hapo pia inajulikana kama kifaa ni kipya kweli. Garanti ya kampuni inahesabiwa tangu kifaa kilipouzwa ao kuwashwa mara ya kwanza, si tangu siku koli ilipofika Bunia. Simu iliyotumiwa Ulaya ao Marekani, ikasafishwa, ikabadilishwa betri na kutiwa katoni mpya, inaweza kuonekana kama imetoka kiwandani jana huku garanti yake iliisha zamani. Kununua simu ya namna hiyo si kosa. Kosa ni kuilipa bei ya mpya.

Kuna nyingine ambazo haziharibiki, zinafungwa. Katika inchi jirani, Kenya na Uganda, watu wengi huchukua simu kwa mkopo na kulipa kidogo kidogo kila siku, na simu ina programu inayoifunga kama malipo yamekatika. Simu ya namna hiyo ikivuka mpaka na kuuzwa kwa bei ya kutupa, itafanya kazi wiki chache, kisha kioo kitaonyesha deni la mtu ambaye mnunuzi hajawahi kumuona. iPhone iliyobaki na akaunti ya mwenyewe wa kwanza inafanana na hiyo: ikifutwa na kuwashwa upya, inaomba neno la siri la mtu huyo. Hakuna garanti inayofungua vile, na fundi anayeahidi kufungua mara nyingi anakula pesa ya pili juu ya ile ya kwanza.

Kwa televisheni, frigo na vyombo vya jikoni, hatari kubwa iko kwenye umeme. Congo inatumia volti 220. Marekani na Kanada wanatumia karibu 120. Chombo kilichotengwa kwa huko, kikichomekwa huku bila transfo, kinaweza kuungua siku hiyo hiyo, na kampuni itasema kilitumiwa vibaya, nayo haitakosea. Kartasi ndogo iliyobandikwa nyuma ya chombo inaonyesha volti. Picha yake ni jambo la kuombwa pamoja na picha ya mbele. Hata kwa vyombo vya volti 220, garanti nyingi hazilipi kilichoharibiwa na umeme unaopanda na kushuka, maji, ao kuanguka. Na kifaa kikifunguliwa na fundi wa barabarani mbele ya kupelekwa kwenye huduma ya kampuni, hapo garanti inaweza kukataliwa hata kama ilikuwa halali kabisa. Ni ajabu, lakini wengi hupoteza garanti nzuri kwa njia hii, kwa sababu fundi alikuwa karibu.

Basi kuna umbali. Garanti halali inayotumikishwa Kinshasa tu ina thamani gani kwa mtu wa Uvira? Mara nyingi mwenye kifaa ndiye analipa usafiri, na tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwisho wa Januari 2025, kutuma koli upande ule kumekuwa safari ya kuzunguka. Kwa redio ya kusikiliza habari ao simu ya dola 80, hesabu haitoki. Kwa watu wengi wa mikoa yetu, butiki ya mjini inayokubali kubadilisha kifaa ndani ya siku 15, kwa maandishi, ni bora kuliko mwaka mzima wa garanti ya mbali.

Maandishi hayo hayahitaji kuwa marefu: jina la muuzaji na mahali anapopatikana, aina ya kifaa, IMEI ao namba nyingine ya kifaa, tarehe, bei, siku za garanti, na kama atatengeneza, atabadilisha ao atarudisha feza. Komisionere anayepokea simu mkononi mwa mwingine na kuiuza kwenye Facebook mara nyingi hawezi kusaini karatasi ya namna hiyo, maana kifaa si chake.

Sheria haikumuacha mnunuzi kabisa. Amri ya tarehe 30/7/1888 kuhusu mikataba, ambayo ingali inatumika katika sheria ya kiraia ya Congo, inamtaka muuzaji ajibu juu ya kasoro iliyojificha ambayo ilikuwako tayari wakati wa kuuza. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kupewa feza yake, ao kukibakiza na kurudishiwa sehemu ya bei, lakini lazima alalamike bila kukawia. Code du numérique, ya tarehe 13/3/2023, nayo inahusu biashara ya mtandaoni. Kinachoshinda watu ni kumpata wa kushitakiwa: namba ya WhatsApp imezimwa, na akaunti iliyopokea feza ina jina la mtu mwingine. Ndiyo sababu jina linaloonekana kwenye Airtel Money, M-Pesa ao Orange Money mbele ya kuthibitisha malipo linapaswa kulinganishwa na lile la muuzaji. Ujumbe wa malipo, tangazo lenyewe na mazungumzo yote yapigwe picha na kutumwa kwenye simu nyingine, kwa sababu simu iliyonunuliwa ndiyo hiyo inayoweza kuzimika.

Koli nayo ifunguliwe kwenye ajansi, mbele ya mtu wa ajansi, huku mwingine akichukua video tangu skochi ingali imefungwa. Baadaye, nyumbani, muuzaji atasema kioo kilipasuka mkononi mwa mnunuzi.