Mashimo ya St Andrews
Kabla ya mwaka 1764, mcheza gofu wa St Andrews, Uskochi, aliyeandama nyika ya pwani hadi hori la Eden kisha akarejea kwa njia ile ile, alitimiza mashimo 22. Ndipo waungwana wa chama cha gofu cha huko wakaazimia kuyaunganisha manne ya mwanzo yawe mawili, na kwa kuwa yalichezwa kwenda na kurudi, hesabu ikashuka hadi 18, idadi ambayo leo watu huidhani kuwa amri ya tangu azali. Katika uwanja huo, shimo la kwanza halina udhia ila kijito cha Swilcan. La 14 lina handaki la mchanga liitwalo Jahanamu, nalo limestahiki. Bali fitina yenyewe ni la 17, lililopakana na barabara na ukuta wa mawe, ambapo mpira ukipita kiasi, mchezaji hana budi kuupiga papo hapo barabarani.