Jumla ya mfululizo wa kijiometri
Jumla ya namba ambazo kila moja, isipokuwa ya kwanza, hupatikana kwa kuzidisha iliyotangulia kwa uwiano uleule (r). Nchini Kenya, katika mfumo wa elimu wa 8-4-4, imekuwa ikifundishwa Kidato cha 3.

Kanuni. Jumla (S) ikizidishwa kwa r, kisha S ikatolewa, namba za katikati hufutana. Hubaki S(r − 1) = a(rⁿ − 1), yaani S = a(rⁿ − 1)/(r − 1), ambapo a ni namba ya kwanza, n ni idadi ya namba, na r si 1.

Mfano. Mama mboga wa Kibera au Kawangware akiweka akiba ya shilingi 10 wiki ya kwanza, na kila wiki aweke maradufu ya iliyopita, kwa wiki 8 atapata 10(2⁸ − 1) = shilingi 2,550. Wiki ya 8 pekee humdai shilingi 1,280, kuzidi jumla ya wiki zote 7 zilizotangulia.