Ushahidi wa Kweli, Swali Lisilo Lake

Hoja inaweza kusimamishwa juu ya ushahidi wa kweli kabisa na bado ikaanguka. Mjadala wa asili ya Kiswahili na Waswahili umetupa mifano tele, na baadhi yake bado inarudiwa kwenye makongamano yetu.

Hoja kongwe inajulikana: Kiswahili kimejaa maneno ya Kiarabu, kwa hiyo kimezaliwa na Kiarabu. Maneno hayo yapo, hakuna wa kubisha. Lakini msamiati wa mkopo huthibitisha kwamba watu walikutana, wakauziana bidhaa, wakasali pamoja. Hauthibitishi nasaba ya lugha. Nasaba hutafutwa katika sarufi na katika mabadiliko ya sauti yanayofuata kanuni. Tazama neno kitabu. Katika Kiarabu, k yake ni sehemu ya mzizi. Mswahili alisikia kiambishi cha ngeli, akasema vitabu, na neno likakaa safu moja na kisu na kiti. Mgeni alitii sheria za mwenyeji. Kwa vigezo vya namna hiyo wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kazi yao ya 1993, walikiweka Kiswahili katika kundi la Sabaki la lugha za Kibantu, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na lugha za Komoro.

Hapo wengi wetu hushangilia mapema. Tukishaonyesha kuwa lugha ni ya Kibantu, tunarukia kudai kwamba simulizi za Washirazi, zisemazo kuwa miji ya pwani ilianzishwa na wageni kutoka Uajemi, ni uzushi mtupu wa watawala waliotaka ukubwa. Kosa ni lile lile, limegeuzwa upande tu. Sarufi haisemi nani alimwoa nani.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kati ya miaka ya 1250 na 1800. Kwa wengi, asili ya kukeni ilikuwa ya Kiafrika karibu yote, na ya kuumeni ilielekea zaidi Uajemi. Mchanganyiko wenyewe ulianza kwenye mwaka 1000 hivi. Je, simulizi imethibitishwa? Kwa sehemu tu. Mifupa mingi ilitoka katika makaburi ya watu wa hadhi, na mvuvi wa kawaida hatumjui kwa kupitia kwao. Wala DNA haituambii nani alianzisha miji. Shanga, katika kisiwa cha Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimbua makazi yaliyoanza karne ya 8, kabla ya mchanganyiko huo. Tena wana wa baba hao wa Kiajemi waliendelea kusema lugha ya mama zao.

Mhariri anayepokea makala kuhusu asili ya Waswahili asiishie kuuliza kama ushahidi ni sahihi. Amtake mwandishi aseme wazi anajibu swali lipi: la lugha, la damu, au la miji. Asiyeweza kusema, arudishiwe makala yake.