Kichupa cha Chumvi ya Kunusa

Ukichimba shimo la kupandia kahawa hapa Kibugu, Embu, ukaibua kichupa kinene cha kioo cha buluu, urefu wake kama kidole, kila atakayekiona atasema ni chupa ya marashi. Huenda sivyo. Vichupa vingi vya namna hiyo vilivyotengenezwa Uingereza katika karne ya 19 vilitiwa dawa ya kumzindua aliyezirai: kabonati ya amonia, chumvi inayotoa gesi kali. Gesi hiyo huwasha utando wa pua, na mwili hujibu kwa kuvuta pumzi kwa nguvu.

Jina ninaloliunga mkono ni kichupa cha chumvi ya kunusa. Ni refu, nakiri, lakini halimpotezi mtu. Chumvi hapa ni ile ya somo la kemia, si ya mboga. Wapo wanaopenda neno moja, na kinusio kingeundwa kwa urahisi kutokana na kunusa. Tatizo ni kwamba huku kwetu ukitaja kunusa, mzee atafikiria ugoro kwanza, na kikopo cha ugoro tayari kina jina lake: tabakero. Kinusio kingeviweka vyombo viwili tofauti kabisa katika kapu moja.

Neno linalotumiwa vibaya zaidi ni mrashi. Kule Lamu, Mombasa na Unguja, mrashi ni chombo cha shingo ndefu, aghalabu cha fedha au shaba, chenye kichwa cha matundu madogo. Hutikiswa ili kuwanyunyizia wageni marashi ya mawaridi katika maulidi na harusi. Marashi mashuhuri ya aina hiyo hukenekwa Jebel Akhdar, Omani, ambako mawaridi huchumwa takriban Aprili na Mei. Kitenzi chenyewe ni kurasha, na ndicho tunachokisikia katika mvua ya rasharasha. Chombo kisichorasha hakistahili kuitwa mrashi, hata kiwe kizuri namna gani. Kile cha Ulaya kinachotoa tone moja moja la kupaka nyuma ya sikio, tukiite kichupa cha manukato.

Utavitofautishaje mkononi? Tazama mdomo. Manukato ni kimiminika ghali, hivyo tundu lake ni jembamba. Chumvi ilitiwa kwa mabonge, hivyo mdomo wake ni mpana zaidi. Chini ya kifuniko cha fedha mara nyingi utakuta kizibo cha kioo kilichosuguliwa hadi kikabana shingoni, kwa sababu amonia hutoroka upesi. Kuna pia vichupa vya ncha mbili, vilivyopendwa enzi za Malkia Victoria: ndani vina ukuta, upande mmoja manukato, upande wa pili chumvi. Kifuniko kikiwa na mihuri ya simba anayetembea na kichwa cha chui, hiyo ni fedha iliyopimwa London. Nanga ni ya Birmingham. Herufi iliyo kando yake hutaja mwaka.

Kama hakuna fedha, fuata mstari wa kalibu ubavuni. Ukikoma kabla ya mdomo, mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Ukipanda hadi juu kabisa, kwa kawaida ni kazi ya mashine za karne ya 20. Usikinuse kuhakikisha.

Limebaki neno kale, ambalo wauzaji hulitumia ovyo. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa nchini Kenya au kuingizwa humo kabla ya 1895. Waingereza waliishinda Embu kwa silaha mwaka 1906. Kwa hiyo kichupa cha London cha 1880 kilichofika nchini na mzungu aliyekuja huku baada ya vita hivyo ni kikongwe, lakini kisheria si cha kale. Mrashi ulioshushwa Lamu kutoka jahazini mwaka 1850 ni wa kale, na kuutoa nchini kunahitaji kibali.